Mbele Nguvu, Nyuma Mwendo

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Maji ya rejeta, oili, upepo wa matairi. Saa moja na nusu nimemshusha mke wangu, Mama Magesa, dukani kwake Nyegezi na mafurushi yake ya vitenge, kisha nikaenda kufundisha. Nimestaafu, lakini siku hizi shule za binafsi zinaota kila mtaa na zote zinatafuta mwalimu wa fizikia. Jioni kurudi nyumbani Mkolani. Lami, kisha mawe hadi mlangoni.

Kobe analia. Watoto ndio walioliita gari hivyo, kwa sababu ya mwendo wake. Mlio unatoka nyuma, chini. Nikiachia mafuta unageuka kuwa mkoromo. Si tairi. Si beringi. Sikuupenda.

Jumanne, 4 Novemba

Fundi Masanja amefungua difu ya nyuma, kasha la gia lililo katikati ya magurudumu. Meno mawili ya krauni yamekatika. Ameniwekea kiganjani kama mng'oa meno.

Niandike vizuri nisije nikajichanganya. Propela inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha gia ndogo, pinioni. Pinioni inasukuma gia kubwa, krauni, na krauni inazungusha magurudumu. Kwa Kobe, pinioni ina meno kumi, krauni arobaini na saba. Yaani propela huzunguka karibu mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Nguvu nyingi, mwendo kidogo. Ndiyo maana kwenye lami injini hupiga kelele kama inachinjwa, na mabasi yanatupita. Difu ziko mbili, mbele na nyuma. Ya mbele hufanya kazi pale tu ninapovuta fimbo ya kuunganisha magurudumu yote manne.

Alhamisi, 6 Novemba

Sasa si suala la kelele tena. Daktari wa macho anakuja Mwanza mjini kwa wiki moja tu. Mama Magesa amempatia mama yake nafasi: Alhamisi tarehe 20, saa mbili asubuhi. Jicho la kulia lilikwisha kufa. La kushoto lina mtoto wa jicho, linaona mwanga basi. Daktari akiondoka, hakuna ajuaye atarudi lini.

Mama mkwe anaishi Majita, mbele ya Bunda, ziwani kabisa. Lami sehemu kubwa ya njia, halafu udongo, halafu mlima mmoja mkali wa kuteremkia kijijini. Kwa mvua za mwaka huu pikapu za abiria zimeacha kwenda huko. Shemeji yangu Mafuru, anayekaa na mama, ameandika mstari mmoja: "Shemeji, bila Kobe mama hafiki."

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja, hawasemezani ana kwa ana. Zamani akiniona kwa mbali alivuta kanga akajifunika. Sasa haoni. Mimi ndiye ninayekohoa nikikaribia, naye akisikia anageuka. Mara nyingine anageukia upande niliopo. Inaniuma kuliko ninavyosema.

Jumamosi, 8 Novemba

Miaka ile ya vibali niliwahi kungoja tairi moja kutoka Pasaka mpaka Krismasi. Sasa ruksa, kila mtu anaagiza. Vyuma vimerundikwa hadi ukingoni mwa barabara, vimetoka Uarabuni, na hakuna anayejua vimefunguliwa kwenye gari gani. Nimekuta difu moja safi inayoingia kwa Kobe bila kulazimishwa. Nimehesabu meno mwenyewe kwa chaki. Kumi na tatu kwa arobaini na sita. Propela mara tatu na nusu tu. Difu ya mwendo. Iko moja, mwenzake imeshauzwa.

Masanja hataki. Anajua gari bovu huko Geita lenye difu kama yetu ya zamani, anaomba siku chache. Nimemweleza kwa kirefu, nikamchorea mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mchoro kwa kandambili.

"Mwalimu, wewe unapiga hesabu ya lami. Mkweo hakai kwenye lami."

Nikasema ya mbele tutaiacha kama ilivyo.

"Mbele nguvu, nyuma mwendo? Hao ni wake wenza, Mwalimu. Wafungie nyumba moja uone vyombo vitakavyovunjika."

Nimecheka. Nimenunua.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepiga hesabu kanisani, nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mungu anisamehe. Ni kweli kwamba difu hizi zikiunganishwa zitavutana: nyuma itataka kukimbia, mbele itaburuzwa. Lakini mbele naiunganisha kwenye tope tu, na kwenye tope magurudumu huteleza. Utelezi utaimeza tofauti. Hoja nzuri. Nimeirudia mara tatu, jambo nisilolifanya kwa hoja nzuri.

Jumanne, 11 Novemba

Imefungwa.

Kobe anakwenda kama njia nzima imemwagiwa mafuta ya kula. Injini inanong'ona. Nimelipita basi. Mama Magesa kasema, "Baba Magesa, kumbe unajua kuimba." Nilikuwa sijui kama naimba. Nimefurahi, nakiri.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua kubwa. Karibu na nyumbani, tope limefunika njia. Nikavuta fimbo. Kobe akasogea kama urefu wake mara mbili, akashtuka, ukasikika mlio kama risasi chini ya miguu yangu, akasimama. Fimbo haikutoka. Majirani wanatazama. Nilimrudisha nyuma kidogo kidogo hadi ikaachia.

Sababu iko wazi. Chini ya tope kulikuwa na jiwe, na jiwe halitelezi. Nimeishi Mwanza miaka thelathini nikasahau kwamba huku chini ya kila kitu kuna jiwe.

Jumamosi, 15 Novemba

Hakuna kilichovunjika. Bahati tu. Masanja amefungua propela ya mbele na kuilaza ndani ya gari, nyuma ya viti. Sasa difu ya nyuma inavuta peke yake. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Amepanda gari kwenda Geita kutafuta ile difu.

Jumatatu, 17 Novemba

Masanja hajarudi. Kesho tunaondoka na hicho tulichonacho. Naogopa.

Jumanne, 18 Novemba

Lami tamu. Mama Magesa yuko kando yangu. Mlima tuliukuta mkavu, Kobe akateremka kwa gia nzito bila taabu. Kila mita tuliyoshuka niliihesabu kama deni la kesho.

Mama mkwe alikuwa uani. Nikakohoa. Akageuka, upande sahihi.

Saa kumi wingu limekuja kutoka ziwani. Naandika mvua ikipiga bati. Haina haraka.

Jumatano, 19 Novemba, saa nne asubuhi

Tumeshindwa kupanda mlima mara mbili. Nimekalia tairi la akiba, naandika. Nikienda taratibu injini inazimika. Nikikanyaga mafuta magurudumu ya nyuma yanazunguka palepale, na Kobe anarudi kiubavu kuelekea korongo. Klachi inanuka. Nikiunganisha mbele na nyuma na giaboksi ikavunjika hapa, mambo yamekwisha.

Majirani wameleta kitanda cha kamba wampandishe mama. Wampandishe wampeleke wapi? Huko juu hakuna gari, na lami ni mbali mno kwa miguu. Mwenyewe amekataa. "Anayetoka kijijini kwa kitanda harudi," amesema, na akakaza mikono kwenye mkongojo.

Kesho saa mbili. Kiburi changu ndicho kimetufikisha hapa.

Fikiri, mzee. Difu ipi ina nguvu? Ya mbele. Ni nzima, imekaa bure. Propela yake iko nyuma ya kiti.

Alhamisi, 20 Novemba

Benchi la hospitali. Mama yuko ndani tangu saa mbili. Niandike ya jana kwa utaratibu, maana bila utaratibu nitasimama kila dakika kuchungulia mlango.

Nilifungua propela ya nyuma, nikafunga ya mbele, nikavuta fimbo. Sasa difu ya nguvu ndiyo inavuta, peke yake, haina wa kugombana naye. Lakini gari likipanda mlima, uzito hukimbilia nyuma na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Basi ligeuze. Ukipanda kinyumenyume, mbele ndiyo inakuwa upande wa chini, uzito unalala huko pamoja na injini. Tena rivasi ya Kobe ina nguvu kuliko gia namba moja. Kasoro moja: hendibreki ya gari hili inashika propela ya nyuma. Propela haipo, hendibreki haipo. Mafuru akachagua jiwe, atembee nalo upande wa chini, nikisimama alikite chini ya gurudumu.

Na nyuma pasikae mtu. Wote viti vya mbele, ili uzito uwe pale unapotakiwa. Nilijua maana yake: mimi na mama mkwe kiti kimoja. Mama Magesa ndiye aliyemweleza mama yake.

Mama mkwe akamwambia binti yake:

"Muulize mumeo. Anayetaka hivyo ni mlima au ni vitabu vyake?"

Nikamwambia Mama Magesa ajibu kweli: vitabu vyangu ndivyo vilivyokosea, na sasa mlima unadai.

Mama mkwe akainuka na mkongojo wake. Halafu, "Mwambie awashe."

Mama Magesa alikaa katikati yetu. Kurudisha gari nyuma lazima ugeuze mwili mzima. Dereva yuko kulia, kwa hiyo uso wangu uligeukia kushoto, juu ya bega la mke wangu, moja kwa moja kwenye uso wa mama mkwe. Miaka thelathini na minne ya ndoa sikuwahi kuutazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Anakaza mdomo kama binti yake anavyoukaza akikasirika. Hakujifunika. Pengine hakujua uso wangu uko wapi. Pengine alijua.

Kobe akapanda. Polepole, kama jina lake. "Weka!" Mafuru akaweka jiwe. "Toa!" Akatoa. Mara ya sita jiwe lilizama kwenye tope na tukaanza kuteremka. Nilikanyaga breki, gari likaendelea kuserereka kuelekea korongo. Mafuru akaegemeza bega kwenye bampa huku akilitukana gari kwa Kijita, matusi ambayo mbele ya mama yake hayasemwi.

"Shemeji, toka hapo!"

"Basi na wewe panda!"

Gurudumu likagusa mwamba chini ya tope. Ule usioteleza. Likashika. Mguu wangu ulibaki kwenye breki.

"Mwambie mumeo apumue," mama mkwe akasema.

Nikapumua. Tukapanda.

Huko juu nilibadilisha tena propela, ya nyuma irudi kwa ajili ya lami. Nilipotoka uvunguni nilimkuta mama mkwe amekwisha hamia nyuma, amenipa mgongo. "Mwambie mumeo yale tumeyaacha mlimani." Mafuru alibaki amekaa juu ya jiwe lake, tope mpaka masikioni, akipunga mkono. Tulifika Mkolani jua bado lipo.

Mlango umefunguka. Wanamwita Mama Magesa.

Ijumaa, 21 Novemba

Bandeji imetolewa. Sikuingia, si mahali pangu. Mama Magesa anasema mama yake alitazama kwanza mikono yake mwenyewe, huku na huku, muda mrefu. Kisha akauliza nani amemvika kitenge chenye rangi mbaya namna hii. Kimetoka dukani kwetu.

Masanja amerudi na difu.

Jumatatu, 24 Novemba

Kumi kwa arobaini na saba, mbele na nyuma sawa. "Hesabu Mwalimu, hesabu," Masanja alisema, akanipa chaki. Nimehesabu mara mbili. Ile ya mwendo iko chini ya meza yangu, nimeweka mguu juu yake sasa hivi ninapoandika.

Kobe anapiga kelele kama zamani. Mabasi yametupita.

Jioni nimerudi. Mama mkwe alikuwa kibarazani kwetu anachambua mchele, ungo umeinamishwa kwenye mwanga. Nikazima gari, nikashuka, nikavuta pumzi ili nikohoe. Kabla sijakohoa akavuta kanga, akajifunika uso, akageukia ukuta.

Nilisimama kidogo na pumzi yangu kifuani. Kisha nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma.