Nimemfelisha Mwanangu kwa Kalamu ya Dokta

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, maana hata mimi yangekuwa ya mwenzangu ningecheka. Nina kibanda cha fotokopi kilichoegemea ukuta wa chuo kikuu, hatua ishirini kutoka getini, mashine moja, kompyuta mbili na feni isiyozunguka, na huu ni mwaka wa kumi na nne nimekaa hapo. Shahada ninayo, mshauri, ya chuo hichohicho, niliizungusha ofisi hadi ofisi miaka sita mpaka bahasha ikachakaa, nikaona heri nitoe kopi za vyeti vya wenzangu kuliko kukaa nyumbani nakililia changu.

Nilianza kwa kurekebisha nukta na mkato kwenye ripoti za utafiti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakaja wanaotaka niwapangie marejeo, wakaja wanaotaka niwaandikie sura ya tano, ile ya hitimisho na mapendekezo, kwa sababu wao hawana cha kuhitimisha, ndiyo maana wananiita Mama Sura ya Tano, na mwisho wakaja wasiotaka kuandika chochote isipokuwa jina lao. Niliwaandikia. Kuna utafiti mmoja wa maji ya kisima nimeuhamisha vijiji kumi na kimoja, kila mwaka kijiji kipya na wananchi wanaoridhika ni walewale asilimia sitini na nane. Sijisifu, nataka tu ujue nilivyochoka.

Sasa miaka mitatu iliyopita akaja mhadhiri mmoja, nitamwita Dokta tu, amebeba katoni. Dokta si mtu mbaya, anafundisha vyuo vitatu, anasimamia wanafunzi mia mbili na ushee, na kwa kuwa kazi zote hizo hazimtoshi anafuga kuku, ofisini kwake trei za mayai zimekaa juu ya ripoti, nyingine hunifikia zina unyoya kwenye kava. Akaniambia, "Dada yangu, hizi ripoti wewe unazijua kuliko mimi. Zipitie, niandikie maoni, mimi nitatia sahihi." Nikakubali. Kwa hiyo mshauri, ninaandika mimi na ninasahihisha mimi, na zile nilizoandika mwenyewe hufaulu vizuri sana.

Kava huwa na namba tu, halina jina. Naangalia yaliyomo, naangalia marejeo, narukia sura ya tano, dakika saba nimemaliza. Mwezi uliopita nikakuta moja haieleweki, sura nne tu, dodoso hakuna, marejeo ya kuokoteza, katikati maneno marefu ya watu kama wamekaa barazani wanapiga soga. Nikaandika, "Mwanafunzi hajaelewa utafiti ni nini. Arudie." Nikairudisha kwenye katoni nikachukua inayofuata.

Jumamosi naosha vyombo, binti yangu akaingia jikoni. Ndiye mtoto wangu wa pekee, yuko mwaka wa mwisho, na tangu mwanzo aliapa mkono wangu hautagusa kazi yake, "Mama, niache nikosee mwenyewe," hata mada hakuniambia, hata kuichapa alikwenda kuichapia duka la ng'ambo ya barabara nami nikanuna wiki nzima. Miezi mingi nilikuwa namwona amekaa kwa fundi viatu wa pale ukutani na daftari magotini, nikimgombeza kwamba wenzake wako maktaba. Akasimama mlangoni akanisomea karatasi: "Mwanafunzi hajaelewa utafiti ni nini. Arudie." Mshauri, sufuria ilinitoka mkononi.

Hakulia. Alisema, "Nimepewa wiki tatu. Nikiirudisha ikiwa sawa nahitimu, isipokuwa sawa narudia mwaka." Halafu akasema, "Basi mama, umeshinda. Niandikie kama unavyowaandikia wenzangu." Kumbe siku zote alikuwa anajua kwamba nawaandikia.

Nikimwandikia atahitimu, siku mbili zinanitosha, na kusema kweli nimeshaanza, sura ya tano ina mstari mmoja tayari. Nikimwambia aliyemfelisha ni mimi, sijui ataniita nani tena, na Dokta naye ataniponza au nitamponza, na kibanda kile kipo kwa hisani tu. Ripoti yake iko juu ya kabati, napita naitazama. Nifanye nini?

Mimi, Mama Sura ya Tano

* * *

Mama Sura ya Tano, sikucheka. Pole. Hiyo pole ni moja tu, itunze, maana sina nyingine.

Waliokukatalia kazi miaka sita wana kesi yao, na Dokta na kuku wake ana kesi yake, lakini hao hawamo jikoni kwako. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Chako wewe kimeingiwa na mwanao, mtu pekee pale chuoni aliyekataa kuteka humo. Mtoto aliyekaa miezi kwa fundi viatu na daftari magotini alikuwa kazini, mama, na wewe ukamgombeza ukitokea kusahihisha vijiji ambako hukuwahi kufika.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umenieleza habari za feni, za unyoya, za asilimia sitini na nane. Umeniambia ripoti ya binti yako ina sura ngapi na marejeo yake yakoje. Ila hakuna mahali uliponiambia mwanao ameandika nini, kwa sababu hujui. Iko juu ya kabati tangu Jumamosi, unapita unaitazama, na bado hujaisoma! Na sura ya tano umeshaianza. Unahitimisha nini?

Haya, sikiliza. Huo mstari mmoja ufute leo. Kesho kibanda kisifunguliwe. Chukua ripoti, nenda kwa fundi viatu, mwombe nafasi pale alipokuwa anakaa binti yako, uisome tangu kava mpaka mwisho. Kalamu iache nyumbani. Ukifika kwenye hayo maneno marefu ya watu usiruke, nadhani baadhi yao utawafahamu.

Ukirudi, mwambie. Usianze na karo uliyolipa wala shida za Dokta, anza na "mimi ndiye niliyeandika yale maneno," kisha nyamaza. Atakasirika, ana haki. Akihamia kwa shangazi yake siku mbili tatu, mpelekee nguo na usimsumbue.

Katoni ya Dokta irudishe, na mkimfikia fikeni wawili, wewe na binti, mwambie hii moja ataisoma kwa macho yake. Binti ana wiki tatu, mayai yanaweza kungoja. Akikataa, kuna mkuu wa idara juu yake, na hapo itabidi ujitaje. Kibanda kikiondoka kwa sababu hiyo, kitakuwa kimeondoka. Mashine ya fotokopi ina magurudumu, na kuta za kuegemea haziishi mjini.

Kumwonyesha binti marejeo yanapangwaje si kosa, hiyo ndiyo kazi waliyopaswa kuifanya wanaolipwa kwayo. Lakini sura ya tano ataiandika mwenyewe, hata kama ni kurasa mbili zilizopinda. Wale wengine usiwaandikie tena, nao wana mama zao.

Na usome vizuri, mdogo wangu. Hata akiwa na hasira, siku moja atakuuliza, "Mama, kwani ilikuwa mbaya?" Uwe na la kumjibu.