Kilio Tulichokianzisha Rugenge

Mama yangu mpenzi,

Salamu zikufikie hapo Lubumbashi, wewe na magoti yako. Yameacha kukusumbua, au bado unayasingizia baridi ili usiende kanisani? Mimi mwili ni mzima, na ndagala nakula mpaka naogopa kuota mapezi. Kichwa ndicho kimevurugika. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huanza kulia kabla sijamaliza. Ndiyo maana nimepiga picha karatasi hizi na kumtumia yaya, mwanao wa kwanza, akusomee.

Unajua kazi ya okestra yetu hapa Uvira: tunatoka ukumbini, tunawapigia watu muziki bure mitaani kwao, na mimi nawafundisha wanakwaya violoni. Juma lililopita nilitafuta lupango, ua wa nyumba wa kupigia muziki, mtaa wa Rugenge. Huku wanasema parseli. Mjane mmoja anayeuza ndagala kule Kimanga, Mama Bahati, akatupa lake kwa moyo mweupe. Mwanawe Bahati, fundi wa mota za boti, alipanda boti kwenda Kalemie tangu kiangazi kilichopita. Hajarudi, wala simu yake haiiti. Hilo sikulijua.

Tulifika mchana, mwenyewe akiwa bado sokoni. Jua lilikuwa kali, tukafunga turubai. Tukaazima viti kanisani, tukavipanga. Tulivaa nguo zetu nyeusi, na wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole. Mama, ungepita njiani ukaona hayo, ungefikiri nini? Hata kwetu hicho ni kilio cha msiba. Mimi sikufikiri, nilikuwa nahangaika na nyuzi zangu.

Wanawake wakaanza kuingia, vitenge vimefungwa kiunoni, mmoja na makala ya jiko, mwingine na unga. Wakaketi chini, wakalia. Kiongozi wetu akaninong'oneza, "Wameguswa!" Akaongeza wimbo mwingine wa polepole. Nami, mjinga, nikafurahi.

Ndipo Mama Bahati akaingia na beseni kichwani. Beseni likaanguka. Alinishika mkono nikiwa bado nimeshika upinde wa violoni.

"Mulimupata wapi?"

"Nani, mama?"

"Bahati wangu. Mulimupata wapi?"

Tulipoeleza, majirani waliona haya kuliko sisi, wakaondoka mmoja mmoja. Mama mzee wa nyumba ya pili alibaki, akanivuta kando: "Weye usijilaumu. Ile machozi iko ndani yetu siku mingi. Tulikosa tu nani wa kuanza."

Kesho yake Mama Bahati akatufuata kwenye mazoezi. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti. "Mulimulilia mutoto wangu, na minye sijasema alikufa. Kilio mulikileta nyinyi, na nyinyi mutakiondoa. Jumamosi murudie pale pale, muvae nguo za ndoa, mupige ya furaha."

Kiongozi hataki. Anasema kupiga ya furaha ni kumdanganya mjane. Yule mama mzee naye anasema afadhali kilio kiendelee, mwenzake apumue. Asubuhi niko upande huu, mchana niko upande ule, jioni sina upande. Na kwa kuwa lupango nililiomba mimi, wameniachia mimi niamue.

Jana nilikwenda kumwambia hapana. Nikamkuta anaanika shati jeupe la Bahati. "Nitaliweka ku kiti ya mbele," akasema, "asikose nafasi." Nikamsaidia kulinyoosha kwenye kamba, nikarudi na ile hapana yangu. Mama, niliogopa.

Msalimie Baba, mwambie redio yake nimeipatia fundi. Msalimie shangazi wa kwaya ya akina mama, asicheke sana atakaposikia habari hii. Mbusu mjukuu wako mchanga ambaye sijamwona. Na yaya anayekusomea, namjua, asiruke mahali popote.

Nijibu kabla ya Jumamosi. Usinijibu kama mama wa kanisa, nijibu kama mama yangu. Ingekuwa ni mimi niliyepanda boti nisirudi, na watu wamefika kwako na violoni zao, ungetaka wapige nini?

Mwanao anayekuhitaji,
Neema