Mwarabu wa Kitui, Mkamba wa Mombasa

Dada yangu Kalekye, natumaini mvua imewafikia huko Salama.

Wengi hukosea kwa kudhani sura ya mtu inasema yeye ni nani. Baba wa kijana unayemkataza kumwoa binti yako Mwende alinipokea Kitui kwa sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikiwa hoi kwa vumbi. Sokoni wanamwita Mwarabu.

"Binamu zangu wa Mombasa wananiita Mkamba," alisema, kwa Kikamba kinachoshinda chetu. "Sasa mzee, huwa nabadilika nikifika wapi? Pale Kambu, katikati ya safari?"

Nilicheka, ingawa nimechoka kueleza haya tangu nikiwa mwalimu. Ngozi ni ileile. Majina ndiyo hubadilika njiani.

Tunza hayo magoti. Mpigie Mwende leo, umwambie amlete kijana nyumbani.

Kaka yako, Musyoka