Baba Amesahau, Mimi Sijasahau

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Na huko wodini wagonjwa wanakuachia hata dakika ya kukaa? Mimi mzima wa mwili.

Baba anakula vizuri, ila kichwa ndicho kimemwacha. Tangu nimlete kwangu ananiita "bwana fundi". Anakaa kando ya cherehani, ananitazama nikipinda mashati, kisha anasema, "Una mkono mwepesi. Wazazi wako wana bahati." Nilijidunga sindano.

Huyu ndiye aliyeitupa cherehani yangu barabarani nilipoacha chuo cha uinjilisti ili niwe fundi! Mtaa mzima ukitazama, akasema hana mwana. Miaka kumi na minane nimeandaa maneno ya kumjibu. Sasa nimwambie nani? Mwenye kosa kaondoka, kaniachia mwili wake niuogeshe.

Kanisani naenda. Nikifumba macho kusali, naiona cherehani ikibiringika.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa miguu yangu imevimba kwa kusimama zamu nzima.

Pole sana. Sikuambii usahau. Ila msamehe, usimsubiri aombe. Yesu aliwaita waliolemewa waje hivyo hivyo na mizigo yao. Hakusema waitue kwanza.

Siku ile nilikuwa ndani, nimeshika pazia. Nilikuona ukiokota vyuma barabarani na sikutoka. Na mimi nisamehe.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ukiuliza hali, sijui nikujibu nini.

Kusamehe ni rahisi kwa aliye mbali. Wewe unatuma maneno, mimi nafua mashuka. Jana baba alikataa kuvaa shati, nikamvuta mkono kwa nguvu, akalia kama mtoto. Nilimtazama nikaogopa: nimekuwa yeye. Usiniandikie tena habari za kutua mizigo.

Fundi

2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Ni karibu mwezi sijaona barua yako. Umesema kweli, mimi niko mbali. Nimeomba likizo, wamenikatalia kwa sababu wauguzi hatutoshi. Leo sihubiri, nauliza tu: mkono wa baba unaendeleaje? Na wewe je, unalala?

Dada yako

17 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu imepungua uvimbe? Nisamehe ukimya wangu, na lile jina tupu nililoweka chini ya barua. Habari ya pazia iache. Nani angethubutu kutoka mbele ya baba siku ile?

Mkono wake mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikiukumbuka kila nikishika mkasi, hata nikaharibu suruali mbili za wateja.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, nilikuwa namfunga vifungo. Akanishika mkono.

"Bwana fundi, wewe mtu wa sala?"

"Kidogo, mzee."

"Basi nisaidie. Nina kijana wangu, nilimfukuza. Nilimvunjia kitu chake, sikumbuki kitu gani. Namwomba Mungu anirudishie, lakini peke yangu naishiwa maneno."

Nikapiga magoti pale pale kwenye vipande vya vitambaa. Yeye akamwombea mwanawe. Mimi na maneno yangu yote ya miaka kumi na minane nikapata haya tu: "Bwana Yesu, nimechoka kumshtaki. Mchukue wewe, na mimi unichukue." Hakukuwa na radi. Kifua kilishuka tu, nikavuta pumzi mpaka mwisho.

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake baba alimwaga uji, hasira ikanipanda kama kawaida, ikabidi niipeleke tena kwa Yesu. Ndivyo tunavyoishi sasa. Baba anauliza upya kila asubuhi, na tunasali upya. Kuna siku naitika amina huku nimeuma meno. Lakini nalala, Dada. Moyo umepata pa kukaa.

Leo, baada ya amina, nilimwambia, "Mzee, mwanao amesharudi."

Aligeukia mlango. Akajipangusa uso, akavuta kola ikae sawa.

"Sasa mbona mnamwacha nje? Mwambie aingie!"

Nikatoka. Nikasimama kizingitini kwangu mwenyewe, nikapiga hodi.

Mdogo wako