Aliyekuja na Mama

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi nzima nimekata watu shingo. Kwa kompyuta. Familia huleta picha ya harusi ya watu kumi na wanane na kuniambia, "Mtoe huyu wa nyuma, ndiye marehemu." Ninamtoa.

Miaka kumi na minne nachapisha programu za mazishi hapa Embu. Hakuna aliyenifundisha. Kompyuta niliibonyeza mpaka ikakubali. Watu nimewasoma hivyo hivyo. Wakiletewa karatasi ya kwanza hawaangalii tarehe wala nyimbo. Wanaangalia picha ya nani ni kubwa, na orodha ya watoto imeanza na nani. Leo wajane wawili wa mzee mmoja wamekuja na rula. Rula kabisa. Nimewapa milimita sawa na kiti kimoja kimoja, kila kimoja mbali na kingine.

Saa saba nikapeleka uji hospitali. Mzee Nyaga amekonda, saa yake sasa inavaliwa karibu na kiwiko. Nikamlisha. Vijiko vinne. Akaangalia mlangoni, juu ya bega langu.

"Vava amefika?"

Vava ni baba, kwa Kiembu. Lakini babake alizikwa zamani. Alimaanisha Njue, mwanawe, ndugu yangu mdogo, naibu mwalimu mkuu huko Ruiri. Nikasema yuko njiani. Hakuwa njiani. Nimeosha kile kikombe kama mtu anayeosha sufuria ya ugali ulioungua.

Jumanne, 10 Juni

Niandike hili mara moja nilimalize.

Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babake baba. Wa kwanza ni mimi, lakini naitwa Ireri, na Ireri ni babake mama, mtu wa Siakago, huko chini kwenye ukame. Ukisikia jina langu tu umepata hesabu yote. Nilikuja mgongoni. Mama alipanda huku kwenye kahawa kuolewa na Mzee Nyaga nikiwa na miezi tisa. Baada ya miaka miwili akazaliwa Njue, akapewa jina la babu, na kuanzia siku hiyo Mzee akamwita Vava. Mtu mwenye ndevu anamwita baba mtoto anayejikojolea.

Mimi niliitwa Ireri. Watu wakipandwa na ukweli, "kale kalikuja na mama". Wakipandwa na pombe, "kale ka huko chini kwenye jua".

Mama anaitwa Mama Njue. Miaka thelathini na tisa sasa. Aliyemfanya mama ni mimi.

Nimemwonea Njue wivu kwa kila kitu. Viatu. Sauti. Hata surua. Alipougua surua alichinjiwa kuku. Nilipougua mimi niliambiwa nisijikune.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee amekufa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na sindano.

Njue alifika saa sita na nusu, suti ya kijivu. Wazee waliokaa nje ya wadi wakasimama wote. "Pole sana, mwalimu. Umepoteza mzee." Wakamshika mkono kwa mikono miwili. Kisha mmoja akaniona.

"Ireri, hebu angalia kama kuna viti."

Nikaangalia. Viti vilikuwepo.

Nimekaa na wivu wa pole. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kumwonea mwenzake wivu wa pole. Pengine tuko wengi na hakuna anayeandika.

Jumamosi, 14 Juni

Kamati ya mazishi, nyumbani. Mwenyekiti ni Baba Mdogo Mugo, mdogo wake Mzee, mtu anayefungua mkutano kwa maombi na kuufunga kwa vitisho. Akanipa daftari.

"Ireri, karatasi ni kazi yako. Na usituwekee yale maua ya zambarau, tunazika mwanamume."

Nikasoma alivyoandika historia ya marehemu. Mwandiko mzuri, lazima nikubali. "Ameacha mjane na watoto wawili, Njue na Wawira. Pia alimlea Ireri."

Alimlea. Kama mche wa parachichi.

Nikamfuata kando ya tangi la maji.

"Baba Mdogo, hapa kwa watoto naona niko nje."

"Uko nje wapi? Si umeandikwa? Kuna watu hawaandikwi kabisa."

"Nimeandikwa kama mgeni."

Akashusha sauti. "Sikiliza, kijana. Karatasi ikikuita mtoto leo, kesho chifu anakuita mtoto. Kesho kutwa unasimama kwa kahawa na futi kamba, unajipimia shamba. Hebu tuzike mtu kwanza."

Sikuwa nimefikiria kahawa. Sasa nimeifikiria. Lakini si kahawa. Ukinunua ng'ombe na ndama wake sokoni Siakago, hakuna anayekuuliza ndama ni wa nani. Mimi nilitaka hesabu hiyo tu. Neno moja, mtoto, liandikwe karibu na jina langu na lisomwe watu wakisikia.

Mama alikuwa hatua tano kutoka hapo, anachambua maharagwe. Alisikia. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea. Kichwa hakuinua. Mugo hakuniuma kama ile mikono.

Jumatatu, 16 Juni

Nimejiweka. "Mtoto wa kwanza: Ireri." Nikajitoa. Nikajiweka. Nikanywa chai. Nikajitoa nikajiweka chini kabisa, baada ya Wawira, dada yetu mdogo, kwa herufi ndogo. Nikajionea huruma, na mimi sipendi watu wanaojionea huruma, huwa wanakaa sana dukani.

Mpangilio si pambo. Siku ya mazishi MC hukaribisha watu kutupa udongo akifuata karatasi. Mjane, mtoto wa kwanza, wa pili, na kuendelea. Yeye hamjui mtu pale. Anajua karatasi. Mtu akishasomwa wa kwanza mbele ya ukoo wote, mbele ya kasisi, nani atamrudisha nyuma?

Basi nikajiweka, na safari hii nikahifadhi. "Watoto watatu: Ireri, Njue na Wawira." Ile "alimlea" nimeifuta herufi moja moja, kwa utaratibu, nikiisikia.

Kisha nikatafuta picha ya Njue. Ana nzuri nyingi. Nimechagua ile amefumba macho.

Jumatano, 18 Juni

Mugo aliuliza kwa simu kama kazi imekwisha. Nikasema imekwisha kama alivyoandika. Uongo uliotoka laini sana, hata nikashangaa.

Saa kumi Njue alikuja kuchukua maboksi. Akakaa kwa kimoja cha vile viti vya wajane, akachomoa programu moja, akasoma. Njue husoma kama anasahihisha mtihani, kidole kinashuka. Kilifika kwenye watoto. Kikakaa. Kikaendelea.

"Hii picha yangu nimefumba macho," akasema.

"Ndiyo iliyokuwepo."

"Sawa."

Akabeba maboksi. Hakuona. Msomi mzima hakuona! Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Kesho nitamwona yeye akisimama nyuma yangu. Nimelipenda hilo wazo kuliko inavyofaa. Nimepiga pasi shati mara mbili.

Alhamisi, 19 Juni

Tumemzika.

MC alisoma historia. "Ameacha watoto watatu. Mtoto wa kwanza, Ireri." Tenti nzima ikavuma kama mzinga uliopigwa teke. Nikatazama mbele. Sijawahi kusikia jina langu likisomwa na spika kubwa. Ni jina zuri. Nilisimama wima kama askari, dakika tatu hivi. Dakika tatu nilikuwa mtu.

Tulipofika kaburini, Mama alitupa udongo wake. MC akafungua karatasi. Mugo akamnyang'anya maiki.

"Kabla hatujaendelea. Hapa kuna kosa, na mbele ya marehemu kosa hurekebishwa. Nani alichapisha hii kitu?"

Watu mia tatu wakageuka. Walikuwa wanajua. Kasisi naye akageuka, na yeye hakujua, akageukia walikogeukia.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikipiga pasi. Mdomo ukafunguka na kikatoka kitu kingine.

"Samahani. Ni makosa ya mashine."

Wengine wakacheka kidogo, kwa huruma. Mugo akasema, "Mashine," kama mtu anayeonja maziwa yaliyochacha. MC akasoma upya. Njue akaitwa wa kwanza. Alinitazama muda mrefu kabla ya kuinama kuchukua udongo. Mimi nilikuwa wa saba, baada ya watoto wa Mugo.

Hakuna aliyenisukuma nyuma. Niliondoka mwenyewe. Wamenizoesha vizuri, hawahitaji tena hata kunishika mkono.

Ijumaa, 20 Juni

Nilikuwa nafungua kamba za tenti. Njue akaja bila suti, akashika upande wa pili. Tukafungua nguzo mbili.

"Wewe ni mwoga sana, Ireri."

Nikavuta kamba.

"Niliona Jumatano. Dukani kwako. Unafikiri mimi siwezi kusoma? Jana nilikuwa nimejipanga kusimama wa pili. Nimekaa tayari. Halafu wewe unasingizia mashine!"

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Ningekuwa Vava tena, anayetoa ruhusa."

Kamba ilikuwa na fundo gumu. Akalishughulikia kwa meno, mwalimu mzima.

"Unajua huyo mzee hajawahi kunituma hata maji?" akasema. "Nikiwa na miaka sita ananiomba. Ananiomba! 'Vava, tafadhali.' Hanichapi, hanibebi, nani hubeba babake? Nimewekwa kwa kiti kama mkwe. Wewe anakuita kutoka ng'ambo ya bonde, 'Ireri, wewe mjinga!', mnaenda kukata matawi ya kahawa, nawasikia mnacheka huko. Nilikuwa nakuchukia mpaka tumbo linauma."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu sikuyaamini. Miaka yote nimemwonea wivu mtu aliyekuwa ananionea wivu, tumekaa kila mtu upande wake wa ua, tunachungulia.

Nilichapwa sana kwenye ile kahawa. Ni kweli pia tulicheka. Hilo la pili nilikuwa sijaliweka kwenye hesabu.

Kwa muda wa saa moja sikumwonea wivu hata kidogo. Kisha akaingia kwenye gari lake.

Jumatano, 25 Juni

Mugo amepita dukani kusema tutaenda kwa chifu Jumanne kuchukua barua ya familia, ile inayoorodhesha warithi. "Wewe unaweza kubaki na kazi yako, tusikusumbue."

Nikasema nitakuja.

"Kufanya?"

"Kukaa."

Akageuka akatoka.

Jumanne, 1 Julai

Kwa chifu tulikuwa wanne: Mama, Njue, Mugo na mimi. Wawira amerudi kazini Nairobi, alipiga simu kusema lolote tutakaloandika ni sawa kwake. Ofisi ina benchi moja. Njue akasogea nipate nafasi.

Chifu alikuwa anatafuta miwani yake. Akiwa ameinama chini ya meza akauliza, "Na wewe wa shati la bluu, ni nani kwa marehemu?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Nimelingoja tangu nijue kuongea, na limeulizwa na mtu anayepapasa sakafu.

"Mtoto," nikasema.

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Hakuna mashine pale ya kusingizia, ni meza na kalenda tu.

Mugo akakohoa. "Chifu, hapo kuna maelezo kidogo."

Chifu akaibuka na miwani. "Maelezo ni ya mjane. Mama, ni hivyo?"

Mama alikuwa anakunja leso yake. Akaikunja ikawa ndogo kabisa, akaifunika kwa kiganja. Nilitazama kile kiganja. Sikuweza kutazama uso.

"Si ameshasema," akasema. "Andika."

Chifu akaandika. Haikuchukua hata dakika. Akagonga muhuri, akapuliza wino, akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Mugo alitangulia bila kuaga. Mama akasema ana njaa. Tukavuka barabara tukaingia hotelini, sisi watatu, tukaagiza chapati na maharagwe. Mama alilalamika chumvi. Njue aliletewa chapati kubwa kuliko yangu. Niliona. Nikala yangu.