Nimemwongezea Ndugu Wanne ili Tu Asioe

Shangazi mshauri, mpendwa wangu ambaye hatujawahi kuonana, naomba msaada, na naomba unisome ukiwa umekaa, kwa sababu mimi mwenyewe naandika nimesimama, kukaa kumenishinda tangu asubuhi, moyo unanienda mbio na kila nikipita mbele ya kioo najikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu.

Kazi yangu ni kuandika riwaya za mapenzi. Nimeshatoa kumi na moja, na kama umewahi kumwona mtu kwenye foleni ya benki anajifuta machozi huku amefunika jalada la kitabu kwa mkoba, huenda kilikuwa changu. Sasa mhariri wangu, mama mmoja asiyecheka bure, akaniambia safari hii hataki kitabu kimoja kimoja, anataka mfululizo, vitabu vitatu vya familia moja, ndugu watatu wa kiume waliorithi kiwanda cha mikate kwa baba yao, kila kitabu ndugu mmoja anapata mke, na harusi ya mwisho iwakusanye wote. Nikasema hilo dogo, nipe muda kidogo tu nikuletee mpango.

Hapa inabidi nikueleze ninavyopanga, la sivyo utadhani nimerukwa na akili. Wenzangu wanachora majedwali, mimi nikiandika mpango kwenye karatasi hadithi inanifia mkononi, kwa hiyo napanga kwa vitambaa. Kila mhusika namtafutia kipande chake, nakishika, nakikunjakunja, kikinikubali nakibana kwa pini kwenye pazia la sebuleni, mwanamume kushoto, mwanamke kulia, wakigombana nawatenganisha, wakipatana nawasogeza mpaka wagusane, na vitabu vinafuatana kutoka juu kwenda chini. Mdogo wangu ninayeishi naye, ambaye ni muuguzi na hana subira na mambo yangu, ananiita Mama Pazia, na wageni wakija anawaambia ni ugonjwa lakini hauambukizi.

Vitambaa navipata kwa fundi wa makochi ambaye karakana yake inatazamana na dirisha langu, ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza nilikwenda kuomba mabaki tu, akanimwagia gunia zima sakafuni, na badala ya kurudi kazini akapiga magoti na yeye akaanza kuchagua, huku ananiuliza kwa makini kabisa, "Huyu kaka mkubwa hasira zake ni za kuwaka na kuzima, au ni za kukaa?" Nikasema za kukaa. Akanipa kitambaa kizito cha kahawia. Shangazi, nimekaa na waandishi miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile! Kaka wa pili akampa kipande cha mahameli ya kijani, akakipangusa vumbi kwenye suruali yake kabla ya kunikabidhi, akasema, "Huyu mtunze, maana kitambaa hiki sina tena."

Basi nikarudi nyumbani nikaanza kumwandika kaka wa pili, na kaka wa pili akatokea na mikono ileile yenye makovu ya misumari, na ile tabia ya kubana misumari midomoni halafu anaongea hivyohivyo na wewe unamwelewa, na kile kicheko chake kinachoanzia puani. Nilijua ninachofanya? Nilijua. Nikajiambia ni utafiti. Hana mke, hilo nalo nililichunguza kwa kisingizio cha utafiti.

Balaa lilianza nilipomtafutia mchumba. Wa kwanza alikuwa rubani, mrembo, nikampa uhamisho wa mbali. Wa pili mwalimu wa kuogelea, huyo nikamzushia mzio wa unga, na mwanamume ana kiwanda cha mikate, sasa wangeishi vipi? Wa tatu mjane mpole ambaye msomaji yeyote angempenda, nikamfufulia mume. Kila nikisogeza kipande cha mwanamke karibu na ile mahameli ya kijani, mkono unakataa. Na kwa kuwa zamu yake ya kuoa ilikuwa kitabu cha pili, nikaona dawa ni kumrudisha nyuma, wengine waoe kabla yake, nikamwongezea mdogo wake, kisha mapacha, kisha na wa kambo ambaye baba alimficha, mpaka sasa ndugu wamefika saba, yeye yuko chini kabisa karibu na sakafu, pazia limeelemewa halivutiki tena, na mama yao nimemzalisha mpaka namwonea huruma.

Mhariri alipoona mpango akanipigia simu. "Huyu mama alipumzika lini?" Nikasema alikuwa na afya njema. Akasema, "Nataka watatu kama tulivyokubaliana. Na huyo wa pili ndiye afungue mfululizo, maana ndiye peke yake anayepumua. Mpe daktari wa meno, wasomaji wanapenda daktari." Nikajikuta napiga ukelele, "Hamfai!" Mhariri akauliza polepole, "Nani hamfai nani?" Nikakata simu, nikasingizia mtandao. Mpango kamili anautaka Jumatatu, nisipoupeleka mfululizo mzima unafutwa.

Kuna na kiti, Shangazi. Nilimpelekea fundi kiti changu cha kusomea, kimechanika kidogo tu, basi nipate sababu ya kupita pale. Shule zilikuwa zimefungwa, zikafunguliwa, zimefungwa tena, kiti bado hakijaisha. Kila nikienda ananiambia, "Hebu kaa. Unakisikiaje?" Nasema kizuri. Anazunguka nyuma, anainama, anakitazama, anatikisa kichwa, "Hapana, kuna springi inanisumbua. Pita kesho." Fundi makini kweli, hataki kazi mbovu itoke mkononi mwake, na hilo nalo nimelitia kitabuni.

Juzi nimepita, akaniuliza habari za hao ndugu, maana anawajua wote, akasema, "Yule wa kijani ameshapata mtu?" Nikamwambia bado, anachagua mno. Akatoa misumari mdomoni, yote, akaishika kiganjani, akasema, "Labda hachagui. Labda ameshamwona, anangoja tu huyo mtu naye amwone." Shangazi! Nilisikia joto kutoka kwenye nyayo. Nikamwambia, "Usiseme neno lingine," nikavuka barabara mbio, gari likanipigia honi, nikapanda ngazi, nikaliandika vilevile alivyolisema kabla halijanitoka, na ndiyo sentensi nzuri kuliko zote katika kitabu kizima!

Tangu hapo sijarudi. Nachungulia tu kwenye upenyo wa pazia, kati ya mapacha na yule wa kambo. Naogopa. Nikimwambia mtu kama yule halafu akanitazama kwa huruma, nitakuwa nimempoteza yeye, na kaka wa pili naye atanifia palepale, na bado kila asubuhi nitafungua dirisha nimwone anafungua karakana. Kwa hiyo naomba uniambie ukweli: nimkubalie mhariri, nimpe kaka wa pili yule daktari wa meno, au nimbembeleze anikubalie vitabu vyote saba?

Ni mimi, Mama Pazia, niliyesimama.

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mara ya pili nilitafuta viatu vyangu nije nikutikise mabega.

Umeniuliza kuhusu daktari wa meno. Barua nzima, kurasa nenda rudi, halafu mwishoni unaniuliza kuhusu daktari wa meno! Maskini dada wa watu, amekukosea nini? Wewe una shida moja tu, inabana misumari midomoni na inakaa ng'ambo ya barabara, na umeizungushia ndugu saba, kiwanda cha mikate na mjane asiye mjane ili usiiguse.

Tuanze na kiti. Mimi nina makochi na nina fundi, na fundi wangu ni mvivu kupita kiasi, lakini hata yeye kiti kimoja hakijawahi kumchukua zaidi ya wiki. Springi gani hiyo? Mtu mzima mwenye kazi nyingi anakukalisha, anakuzunguka, anatikisa kichwa na kukuambia upite kesho, na kesho yake tena upite kesho, halafu wewe, mwandishi wa mapenzi, uliyeliza nusu ya mji kwa vitabu vyako, unaandika kwamba ni fundi makini! Ingekuwa kwenye riwaya yako, msomaji angekirusha kitabu ukutani.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Najua hofu unayoisema. Kwenye kitabu mwanamume hawezi kukujibu ambacho hujamwandikia, na wewe umezoea raha hiyo. Yule wa karakana anaweza kusema la. Anaweza pia kusema ndiyo halafu ukamkuta anakoroma, hapendi kusoma na ana dada zake wenye maneno mengi. Hakuna mhariri wa kukutolea hayo. Hofu yako ni ya kweli na mimi siwezi kukuondolea, nikikuahidi kwamba atakukubali nitakuwa nakudanganya.

Lakini hili la juzi limenikera, na nitakugombeza kwa hilo bila kukuonea aibu. Mwanamume ametoa misumari yote mdomoni. Amekutazama. Amekuambia kuna mtu anangoja kuonwa. Na wewe ukamwambia nyamaza, ukakimbia nyumbani kuandika! Hebu jiweke mahali pake, amebaki pale na kiganja cha misumari, anakutazama unavyokwepa magari. Tangu hapo hujarudi. Unafikiri yeye anajiambia nini sasa hivi? Anajiambia amekuudhi. Anajiambia alivuka mpaka, bora angeshona kimya kimya. Wewe unaogopa kukataliwa, kumbe mwenzako ameshaonja kukataliwa, na aliyemkataa ni wewe, tena bila kujua.

Sasa sikiliza, na usiongeze ndugu yeyote wakati naongea. Wale wanne uliowaongeza uwatoe, mapacha pia, na mama yao apumzike. Mpango wa mhariri ni wa watatu kama mlivyokubaliana, na mhariri wako ana jicho, kaka wa pili afungue mfululizo. Atamwoa nani, hilo utalijua ukishatoka karakana, si kabla. Wakati huu mkono wako hauwezi kumwozesha mtu yeyote. Huyo kaka ukimpatia mke leo utampa kwa kinyongo, na wasomaji wana pua, watanusa. Jumatatu ikikukuta huna jina la mwanamke, mwambie mhariri ukweli kwamba nafasi iko wazi bado. Hataufuta mfululizo kwa ajili ya jina moja, na akitaka kuufuta mtajie mimi.

Karakanani utakwenda leo, kabla hajafunga. Usijipambe sana, ataogopa. Usibebe kitambaa, usibebe swali kuhusu springi, usiseme umepita tu. Na neno la kwanza liwe la kuomba radhi, maana ulimkatiza mtu aliyekuwa amejikaza. Halafu umwambie kwamba yule wa kijani ni yeye. Hilo ana haki ya kulijua, iwe anakupenda au hakupendi, kwa sababu umeichukua mikono yake na kicheko chake bila ruhusa, na akikwambia umtoe kitabuni utamtoa na utalia nyumbani kwako. Kisha umwambie unampenda. Litatoka vibaya, nakuhakikishia, utababaika kama hujawahi kuandika sentensi maishani. Liache litoke hivyohivyo.

Na atakapofungua kinywa kukujibu, usikimbie, usitafute kalamu, usilikariri. Kaa hapo umsikilize mpaka amalize.