Pete Yenye Mawimbi

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima, paka kazaa tena, na barua yako nimemsomea Baba kwa sauti, mpaka pale uliposema karakana yake iuzwe kwa kuwa mikono yake imekwisha. Hapo nikasingizia kikohozi.

Sasa nisikilize. Ni kweli mikono inatetemeka, na nyundo ya usonara hawezi tena kuishika. Lakini mimi situmii nyundo. Nakanda unga wa fedha kwa maji na gundi mpaka uwe kama udongo, naufinyanga, nauchoma tanurini. Gundi inaungua, pambo linasinyaa, inabaki fedha tupu. Unakumbuka alivyokuwa akinicheka: "Mwanangu, huo usonara au unapika mkate?"

Juzi alichoka kunicheka, akaninyang'anya donge, akaanza kufinyanga pete. Vidole vikatetemeka, vikaacha mawimbi juu yake. Nikanyoosha mkono niyasawazishe.

"Wee, toa mkono wako!" akafoka.

"Lakini Baba, pete yenyewe kubwa mno."

"Si umesema itasinyaa? Kidole cha kaka yako nakijua."

Ilipotoka tanurini, kila aliyeingia dukani aliitaka. Nimewanyima wote, nimeifunga humu kwenye bahasha. Usonara haukai kwenye nyundo, Kaka, na karakana haiuzwi mwenyewe akiwa anafanya kazi.

Ivae. Ikikukaa sawasawa, thubutu kuniandikia tena kwamba mikono ya Baba imekwisha.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili